Penseli

Mafuta ya bunduki, huku juu, ni adui aliyevaa sare yetu.
Bondeni yalikuwa laini kama ulimi wa dalali.
Hapa, saa tisa usiku, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
yamelala ndani ya chuma kama uji wa juzi,
na nyundo inakwenda polepole, polepole,
inaigusa risasi kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyotaka afunguliwe.

Mimi ni fundi silaha. Nawang Chosgial, wa Nubra,
miaka kumi na minne nikitibu vyuma vya watu wengine.
Nimeona bunduki iliyofukiwa mchangani siku tatu
ikatolewa, ikakung'utwa, ikasema.
Nimeona iliyoopolewa mtoni na majani mdomoni
ikatema maji, kisha ikatema moto.
Lakini barafu haiingii kwa fujo, kama mchanga.
Barafu inaingia kama deni.

Sajeev alikuja Oktoba, kutoka Kerala,
kijana aliyeijua baridi kwa chupa ya soda tu.
Aliipenda bunduki yake kama alivyofundishwa:
akaipaka mafuta, akaifuta, akaipaka tena,
akalala nayo hemani, karibu na stovu,
akiona ni huruma.
Chuma kikapata joto, kikatoka jasho.
Alfajiri akatoka nayo nje, jasho likawa kufuli.
Tk.
Hakukuwa na mtu mbele yake, tushukuru.
Lilikuwa jaribio tu, kopo tupu juu ya jiwe.
Tk. Tk.
Akavua glavu avute komeo,
komeo likashika ngozi ya vidole viwili, likabaki nayo.

Nikamwambia: bunduki huku hailazwi ndani.
Mbwa mzuri hulala mlangoni.
Iache na baridi yake, zisuluhishane zenyewe.
Nikaifungua, nikaichemsha katika sufuria ya chai
(wiki nzima tulikunywa chai yenye ladha ya mtutu),
nikakausha kila kiungo, hadi mzingo wa mwisho wa springi,
kisha nikatoa penseli.

Hili halimo kitabuni.
Unachonga mti wote, unabaki na ule uti mweusi,
unausaga kwa mgongo wa kijiko
hadi uwe unga laini kuliko wanja.
Unapuliza kidogo kwenye komeo, kidogo kwenye njia yake.
Unateleza, na haugandi:
hauna maji ya kugandisha.
Penseli moja, bunduki tatu.

Binti yangu Lhadol, darasa la nne,
hunitumia kila inapokuja helikopta ya barua.
Za manjano, zenye kifutio cha waridi kichwani.
"Baba, unaandika sana," aliandika.
"Mbona barua zako fupi?"

Machi walikuja mabwana wawili wa kiwandani,
makoti mapya, pua nyekundu, fomu ya safu kumi na moja.
Risasi ngapi zilipigwa. Ngapi zilikwama.
Je, silaha hii inategemeka katika mazingira magumu?
Nikajaza: elfu mbili. Tisa. Ndiyo.
Na ni kweli, inategemeka.
Sikuona safu ya vidole.
Sikuona pa kumwandika Gurmail, aliyeuawa na hewa yenyewe,
mapafu yakajaa maji usingizini, bila risasi, bila kelele,
na bunduki yake nje ya hema, kavu, tayari.
Siku ileile ikapewa mwingine.
Ikafyatuka bila kinyongo.

Mabwana wakatafuta kalamu watie sahihi.
Wino wao ulikuwa jiwe.
Nikawapa penseli.
Mmoja akaigeuza, akatazama kifutio kisichoguswa,
akacheka: "Fundi, kwani wewe hukosei?"

Vifutio ninavyo vingi, nimevihifadhi koponi,
kopo lilelile la Sajeev.
Halina tundu.